Pigo Lililochelewa

Mteja, binti mmoja, alikuwa amesimama mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi, akisubiri buti lake lishonwe soli, huku vidole vyake vikipiga ukingo wa meza. Fundi viatu alimsikiliza bila kuinua kichwa. Ghafla sindano ikamsimama mkononi.

Mdundo ule aliujua. Ulikuwa wa wimbo wa tatu katika albamu ya roki nzito ambayo bendi yao iliirekodi miaka thelathini na minane iliyopita, kaka yake akiimba na kupiga gitaa, yeye akiwa kwenye dramu. Santuri ilienea kama moto kwenye nyasi kavu; wao wenyewe wakasambaratika. Katika wimbo huo, kabla ya kiitikio cha mwisho, fundi alichelewa pigo moja, na kwa kuwa studio walikuwa nayo kwa siku moja tu, kosa likabaki kwenye santuri.

"Umenizika nikiwa hai," kaka yake alimwambia mbele ya wote. Tangu hapo wakawa wanakutana misibani tu, wakipeana mikono kama wageni.

Sasa vidole vya binti huyu vilifika palepale, vikasita, ndipo vikatua.

"Hapo umechelewa," fundi alisema.

"Sijachelewa, mzee wangu. Ndivyo panavyopigwa."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu wangu wa dramu, naye alifundishwa hivyo hivyo. Bendi zote za roki hapa mjini zinapaita 'pumzi'. Usiposita, wenzako wanakucheka. Mimi ilinichukua mwezi mzima kupaweza. Aliyebuni hakuwa na haraka na dunia."

"Aliyebuni," fundi alijibu, "alikuwa hajalala siku mbili."

Binti alicheka, akidhani ni utani. Fundi aliinama tena, akafuta macho kwa mkono wenye gundi. Kumbe aibu yake ilitoroka nyumbani zamani, ikatembea mjini, ikapata watoto na wajukuu, naye mzazi hana habari.

Adhuhuri alifunga kibanda, akaenda kwa miguu hadi kwa kaka yake. Shemeji yake alifungua mlango, mikono ikichuruzika maji ya sabuni, akashtuka.

"Shemeji! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Yupo?"

Kutoka ndani, sauti iliyowahi kujaza viwanja, sasa nyembamba kama uzi, iliuliza, "Nani huyo?"

Shemeji alisogea pembeni, akamwachia mlango.