Mzizi wa Kushoto

Tangu aoe, Tokuji Kuwabara hakuwahi kuosha hata kikombe. Lakini kwa mti wake alikuwa na mswaki maalumu, laini, na kila asubuhi alitoka uani akachuchumaa mbele ya rafu, akaisugua mizizi yake taratibu huku akiusemesha mti. Mkewe Fusae, akiwa jikoni na vyombo vyake, alisikia maneno matamu ambayo yeye hakuwahi kuambiwa, si siku ya harusi wala baada yake.

Ulikuwa mti wa kaede, ile jamii inayowaka nyekundu kabla ya baridi, mfupi kuliko mkono wa Tokuji na ndani ya chungu cha buluu. Pale Omiya, Japani, watu wa bonsai, yaani miti midogo inayolelewa vyunguni, hawaanzi kuutazama mti matawini. Wanaanza miguuni. Wanataka mizizi itokeze juu ya udongo, minene, itambae pande zote, mti uonekane umesimama wenyewe bila kumtegemea mtu. Tokuji aliujua mchezo huo. Aliukata mzizi unaokwenda chini, akauketisha mti juu ya kigae bapa ili mizizi isiwe na njia ila kutanuka, na kila alipobadili udongo aliitandaza kwa vijiti kama mtu anayepanga samaki wa kukausha. Kulia ikatoka vizuri. Nyuma ikatoka, mbele ikatoka. Kushoto, hamna kitu. Pengo tupu, kama kinywa kilichong'oka jino la mbele.

Dawa ya pengo kila mtu wa Omiya anaijua. Unachukua mche mdogo wa jamii hiyohiyo, unaupachika kwenye shina pale palipo wazi, unaufunga, unaufukia, halafu unauacha mpaka ushikane na mwenzake. Tokuji aliyaweza yote isipokuwa kuuacha. Kila Jumapili alifukua kidogo aone kama umeshika. Mche gani utashika ukifunuliwa shuka kila wiki? Miche ikafa mmoja baada ya mwingine, naye akalaumu udongo, akalaumu maji ya bomba, mwisho akamlaumu paka wa jirani.

Binti yake wa pekee, Chisato, alipomleta nyumbani kijana aitwaye Ryohei na kusema wanataka kuoana, Tokuji alimfukua vilevile. Alimwita mara kwa mara, akamkalisha, akamuuliza yaleyale. Ryohei alijibu kila mara kwa adabu. Chisato ndiye aliyechoka.

"Baba yake ni nani?" Tokuji alimuuliza binti yake, kwa mara nyingine tena.

"Si nimekwambia, baba? Mzee Yasutake wa Kurume."

"Huyo ni mjomba aliyemlea. Nauliza baba aliyemzaa."

"Hajulikani."

"Basi na jibu langu halijulikani."

Chisato angeweza kuondoka zake hata siku hiyohiyo, na mama yake angemfungia mzigo. Aliyekataa ni Ryohei. Mama yake mzazi alitoroka na mwanamume bila ridhaa ya wazee, akarudi peke yake na mimba, na yeye ndiye mimba yenyewe. Aliapa hataoa kwa kuiba. Baba wa Chisato ainamishe kichwa mbele ya wazee wa Ryohei kuwa ameridhia, ndoa iwe. Asipoinamisha, hakuna ndoa. Hivyo Chisato akawa amekwama baina ya wanaume wawili, mmoja mwenye heshima kupita kiasi na mwingine asiye nayo.

Siku moja akatamka, bila kufikiri, kwamba mzee Yasutake naye hulea miti ya kaede, na kwamba kisiwa kizima cha Kyushu, iliko Kurume, wanamjua.

Tokuji akaweka chini vijiti vyake vya kulia chakula. "Miti ya kaede?"

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Ndoa hakuiridhia, la, lakini wazee wa Kurume waje, tena upesi. Na wasipelekwe mkahawani kama walivyozoea watu wengine. Waje hapahapa nyumbani, wale hapa, waone. Fusae alifurahi kwa siku kadhaa, mpaka alipoingia chumba cha kulia na kumkuta mumewe ameinamia chungu cha buluu.

"Baba Chisato, hiyo si gundi yangu ya kandambili?"

"Gundi ni gundi."

"Na hicho ulichoshika?"

"Mzizi."

"Naona ni mzizi. Wa nani?"

Ulikuwa wa kaede mwingine, uliokufa kwa jua la kiangazi na kutupwa nyuma ya bafu.

"Yaani unaubandika mti wako mguu wa maiti."

"Mambo ya miti huyajui, mama Chisato."

"Ya gundi nayajua. Viatu vyako vyote nimevibandika mimi."

Tokuji akalifunika ungio kwa kuvumwani mbichi, akarudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Mwanamume mzima alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Wazee wa Kurume walifika adhuhuri, baridi imeshika na miti yote imepukutika, msimu ambao mti wa kaede hauna jani la kujifichia. Tokuji aliwakalisha upande wa heshima, migongo kwenye kidaka ambamo mti uliwekwa peke yake. Lakini kabla hajaketi, mzee Yasutake aligeuka, akapiga magoti, akaweka viganja mkekani, akashusha kichwa mpaka macho yakawa sawa na ukingo wa chungu. Ndivyo mti unavyotazamwa na mtu anayejua. Akakaa hapo kitambo.

Yasutake akainuka. "Chungu kizuri," akasema.

Omiya na Kurume ziko mbali, ila hilo wanalielewa namna moja: mtu akikisifu chungu, mti ameuonea huruma.

Bibi Yasutake hakujua lolote kuhusu miti, akaona kimya kimezidi. "Mimi nimeupenda huo mzizi wa kushoto," akasema kwa bashasha. "Mnene! Na ulivyojikunja!"

Mumewe akakohoa, akaikimbilia chai.

Hapo mtu mwenye akili angekaribisha chakula. Tokuji akasema, "Na miguu, mzee? Umeionaje?"

"Nimekisifu chungu, bwana Kuwabara."

"Nimesikia. Nauliza miguu."

"Mimi ni mgeni hapa," Yasutake alisema polepole. "Naomba niishie kwenye chungu."

Damu ikampanda Tokuji mpaka masikioni. Amedhalilishwa ndani ya nyumba yake, mbele ya mti wake, na mtu asiyeweza hata kusema mtoto wake ni wa nani! Akaitafuta silaha iliyokuwa karibu, akaipata.

"Basi tuseme yaliyotuleta," akasema. "Binti yangu ana asili yake, inajulikana mpaka kwa mababu. Huyu kijana mmempachika tu ukooni. Mimi nitajuaje katokana na nini?"

Ryohei alitazama magoti yake. Chisato akafumba macho. Bibi Yasutake aliyekuwa akitabasamu tangu mlangoni akaacha, na sura yake ikazeeka palepale.

Fusae alikuwa akipita na sinia la vitafunio vya kunde tamu. Aliliweka chini. Akaenda kidakani, akaushika mzizi wa kushoto kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka, na kipande cha gome la shina kikatoka nao. Akauweka siniani katikati ya vitafunio, akalisogeza sinia mbele ya mumewe.

"Anza na huu," akasema. "Waeleze wageni umetokana na nini."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Yasutake aliutazama mzizi, kisha akageuza uso pembeni, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenzake ndani.

"Mti wangu nao ulikuwa na pengo," akasema kwa upole. "Nilipachika mche, nikauacha. Leo hata mimi siwezi kuonyesha ungio liko wapi."

Tokuji hakumsikia. Alikuwa ameliona jeraha. Pale gome lilipobanduka, shina lilikuwa jeupe na bichi, na kutoka alipoketi hakuweza kujua kama limeingia ndani au limechunika juu tu. Wageni walikuwa wamekaa kati yake na kidaka. Ilibidi ateremke. Akaweka viganja mkekani, akashusha kichwa, akakipeleka chini zaidi, paji la uso likakaribia kugusa, na kupitia upenyo baina ya kiwiko cha Yasutake na goti la Ryohei akalichungulia shina la mti wake.

Lilikuwa limechunika juu tu. Akashusha pumzi ndefu, yenye mtetemo.

"Bwana Kuwabara!" sauti ya Yasutake ikasema juu yake, imekatika. "Tunashukuru. Tunashukuru mno. Tutamtunza binti yako."

Tokuji akainua kichwa. Vichwa vyote vilikuwa chini. Mzee Yasutake ameinama, bibi yake ameinama, machozi yanadondokea mkekani. Ryohei ameinama chini kuliko wote, mabega yanamtikisika. Hata Fusae ameinama, na salamu kama hiyo ya baba wa binti, ikishapokelewa na wazee, hairudishwi.

Chisato peke yake ndiye aliyekuwa hajainama. Alikuwa akimtazama baba yake, kisha akautazama mti, kisha akamtazama baba yake tena. Alijua. Tokuji aliona kwamba anajua, akafungua kinywa ili aeleze.

"Rudi chini," Fusae alinong'ona bila kuinua uso. "Wenzako bado wameinama."

Akarudi chini. Safari hii hakuona mti. Aliona mkeka, na pembeni mwake mikono ya binti yake ikiwekwa taratibu karibu na yake, na ndipo alipogundua kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuitazama. Ilikuwa na sugu za maji ya vyombo, kama ya mama yake.