Bunduki Iliyonukia Waridi

Wapwa wote wa Mzee Anselmi walijua kwamba vitu viwili haviguswi nyumbani kwake: Misale ya Kilatini aliyoachiwa na mapadre, na bunduki ya gumegume iliyolala juu ya uchaga wa jikoni, mahali ambapo moshi huuzuia ukungu wa Uluguru usiile. Ni Cecilia peke yake aliyeruhusiwa kuishusha.

Cecilia alikuwa binti wa Martina, dada yake Anselmi, naye alilelewa humo tangu alipoanza kutambaa. Alipopata nguvu za kushika mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, mjomba alimfundisha kuisafisha kasiba, lile bomba la kupitia risasi: kwanza maji ya moto, kisha kitambaa kikavu, kisha kingine, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Mwisho tone la mafuta ya nyonyo, lisizidi.

"Bunduki ni kama Mkristo," alizoea kumwambia. "Haiozi kwa sababu ya moshi wa baruti. Huoza kwa sababu ya kuchelewa kuungama."

Sehemu moja tu aliishughulikia mwenyewe, kwa kuwa ina makali ya kukata kidole cha mtoto: mtambo. Hapo taya mbili huuma jiwe la gumegume. Jiwe likikwangua kibao cha chuma kilicho mbele yake, cheche hudondokea baruti iliyo katika kisahani, na moto hupenya tunduni hadi ndani ya kasiba. Jiwe alilichonga kwa mkono wake. Kibao alikifuta kwa jivu, kikabaki kikavu kama mfupa.

Katika ukoo wao binti haendi kwa mumewe mpaka bunduki ya mjomba iseme. Hushindiliwa baruti tupu, pasipo risasi, na milima ikiitika watu husema mjomba ameridhia. Martina alitolewa hivyo, na mama yake kabla yake. Ikinyamaza, binti huondoka vilevile, maana ndoa ya kanisani haingoji baruti. Lakini huondoka kama mtu aliyebisha hodi pasipo kuitikiwa. Anselmi hakuwa na mtoto wa kumzaa. Hakutaka Cecilia aondoke hivyo.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguka, na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakaanza kuchagua harufu. Godfrey, kaka yake Cecilia, alikuwa mfanyabiashara mjini Morogoro, na siku ya harusi alipanda mlimani na redio kaseti ya spika mbili pamoja na pikapu ya kukodi, ili ampeleke bibi harusi Kilakala kwa mumewe. Misa ilipokwisha, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba ya juu.

"Shikamoo, mjomba," Godfrey alisema, akilitazama wingu. "Mvua ikitukuta kwenye zile kona, gari litalala njiani. Tupige honi tu, mjomba, yatosha."

"Marahaba. Honi haikumlea dada yako."

Anselmi aliishusha bunduki. Iling'aa kuliko alivyopata kuiona, kitako mpaka mdomo, akajua ni kazi ya Cecilia ya kuaga, akafurahi kimoyomoyo. Aliisimamisha uani, akamimina baruti kutoka katika pembe, akashindilia na majani makavu ya mgomba, akajaza kisahani. Kisha akaelekeza mdomo juu ya bonde na kufyatua.

Mtambo ulilia: ta. Hakuna cheche.

Akauvuta tena. Ta. Vigelegele vilivyokuwa vimekwisha kuanza vikafifia kimoja kimoja.

"Mluguru," aliita mtani wake Mikidadi, Mnyamwezi mstaafu wa reli aliyeoa kijijini hapo, "hiyo ni bunduki au ni bomba la maji? Nikuazimie kiberiti?"

"Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani wala hawakusimama kutoa ushauri," Anselmi alijibu bila kugeuka. "Fuata nyayo zao."

Watu walicheka. Yeye alipitisha kidole gumba juu ya kibao cha chuma. Kikateleza. Akakileta puani: waridi. Yalikuwa mafuta ya mgando, ya kopo, kutoka dukani kwa Godfrey. Yalikuwa yamepakwa kila mahali kwa upendo, hata juu ya jiwe.

Alimtazama Cecilia aliyesimama mlangoni katika gauni jeupe. Binti alikiona kidole kile kikiwa puani, akaelewa, akauziba mdomo kwa mkono.

"Jiwe limezeeka," Anselmi alitangaza, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kama mwenyewe."

"Hilo tulilijua," alisema Mikidadi.

Mzee aliingia jikoni, akachota jivu, akasugua kibao na jiwe, akafuta kwa ncha ya shati lake la Jumapili, akasugua tena. Alipotoka, manyunyu yalikuwa yameanza. Baruti ya kisahani ikilowa, basi tena. Ndipo Mikidadi alipokuja na kuufungua mwavuli wake juu ya mtambo.

"Sitaki mseme Mluguru alishindwa na mvua," alinong'ona. "Nataka ashindwe mwenyewe. Ukiuunguza mwavuli wangu, nachukua jogoo wako."

Anselmi akajaza baruti mpya, akafyatua.

Cheche ziliruka, kisahani kikawaka, na bunduki ikasema. Sauti ilivuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi, na vigelegele vikaipokea. Mwavuli ulipata tundu moja dogo. Mikidadi aliuinua ili kila mtu alione.

Cecilia alikuja akapiga magoti matopeni, gauni na yote.

"Mjomba, ni mimi. Nilitaka ipendeze."

"Ilipendeza. Inuka, nguo inachafuka." Alimshika mkono. "Kibao cha chuma hakipakwi mafuta. Hilo sikukufundisha. Njoo Krismasi, na mumeo aje, ashike ndoo ya maji."

Pikapu ikashuka, honi ikilia kila kona. Anselmi aliteleka maji, akaiosha kasiba siku ileile, maana maungamo hayacheleweshwi. Alifuta mdomo, akafuta mtambo. Kitako hakukigusa. Aliirudisha bunduki uchagani na waridi lake, kisha akaanza kumkamata jogoo kabla mwenye mwavuli hajarudi kumdai.