Uzi wa Kupimia Pete

Mshonaji aliingia kwa sonara moyo wake mweupe kabisa. Ilikuwa siku ya kuchagua pete, na kijana aliyemchumbia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpole, alikuwa kamshika kiwiko kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara. Huyo Mpole hakuwahi kupandisha sauti. Hata akicheka, alifunika mdomo kwa kiganja. Nyuma yao alikuja shangazi yake Mshonaji akiburuta kandambili. Ndiye peke yake katika ukoo ambaye kijana hakumwingia moyoni, na ukimwuliza sababu, hana.

"Karibuni! Anaolewa nani hapa, ni wewe mama?" sonara akatania.

"Nani anitake na meno haya? Mpime mtoto," shangazi akajibu.

Duka lilikuwa dogo, lina joto, linanuka gesi ya kuchomelea. Sonara akatandaza kitambaa cheusi, akapanga pete za kujaribia: za fedha, za dhahabu, na chache za chuma cha pua, za kijivu kama mawingu ya mvua. Macho ya Mshonaji yakatua kwenye dhahabu moja nyembamba. Mpole wala hakujali rangi.

"Hii ya fedha, mtu akitaka kuikata?" akauliza.

"Fedha? Hata koleo dogo linaing'ata."

"Na dhahabu?"

"Msumeno mwembamba tu, mara moja imeachia."

"Na hii?"

Sonara akaishika ile ya kijivu, akatikisa kichwa. "Hii, bwana, usiombe. Aliletwa hapa mama mmoja mjamzito, kidole kimevimba kama karoti. Nilivunja misumeno mpaka jasho likaniingia machoni. Wakamkimbiza hospitali."

"Basi hiyo hiyo," akasema Mpole, kwa upole wake ule ule.

Mshonaji akacheka. "Mbona unachagua pete kama mtu anayechagua kufuli?"

"Nachagua cha kudumu, mpenzi." Akamgeukia sonara, akatia mkono mfukoni. "Na kidole chake nimeshakipima."

Akatoa kipande cha uzi wa bluu. Mshonaji akautambua hapo hapo: uzi wa sare za shule, wa cherehani yake mwenyewe. Ikamjia ile siku alipopitiwa na usingizi juu ya meza ya kukatia, akazinduka na kumkuta Mpole kaketi ubavuni pake, kimya, anamtazama mkono. "Lala tu," alimwambia. Siku ile aliona ni mapenzi. Leo akajua alikuwa anapimwa.

Sonara alilaza uzi kwenye rula, akakunja uso. "Ulikaza mno. Nitaongeza kidogo."

"Usiongeze. Sitaki icheze."

Kabla Mshonaji hajasema ngoja, Mpole alikwisha kumshika mkono. Akaitia pete ya kijivu, ikakwama kwenye kifundo, akaisukuma kwa kidole gumba. Ngozi ikajikunja. Ikapita.

"Umeona? Imekubali."

"Inaniuma. Itoe."

Haikutoka. Sonara akaleta maji na sabuni, wapi! Kidole kikaanza kuiva.

"Msihangaike," sonara akasema. "Dawa yake ni uzi. Unaupitisha chini ya pete, unakizungushia kidole mpaka juu ya kifundo, halafu ukiufungua, pete inapanda nao. Bwana, hebu nipe huo wako."

Mpole akauviringa ule uzi kwenye kidole chake mwenyewe, taratibu, akautia mfuko wa shati.

"Ya nini kuitoa? Imeshaingia. Niambie bei."

Mshonaji akamtazama usoni akitafuta utani. Hakuuona. Aliona uso wa mtu aliyekwisha kukomea mlango na sasa anataka kupumzika. Akajua kuwa asipoivua saa hii, mbele ya watu, hataivua tena.

"Shangazi," akaita, na sauti yake ikatoka ndogo kama ya mtoto.

Shangazi alikuwa ameshang'ata pindo la mtandio wake. Akavuta uzi mrefu. "Meno mabovu nayo yana siku yake. Shika, baba, fanya kazi."

Sonara akapitisha, akazungusha, akafungua. Pete ikapanda polepole, ikaondoka na kipande cha ngozi. Mshonaji akaiweka juu ya kitambaa cheusi.

"Sivai hii. Na ndoa haipo."

Mpole hakukasirika. Hilo ndilo lililowatisha wote. Alimfuta Mshonaji povu la sabuni mkononi, akatabasamu. "Umechoka. Tutaongea nyumbani." Akatoka.

"Afadhali kaondoka," shangazi akashusha pumzi.

Sonara alikuwa amesogea dirishani. Alikuwa anatazama nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la sonara mwingine, na nyuma ya kioo chake alisimama Mpole, kaunyoosha uzi wa bluu kwa mikono miwili, anamwonyesha mwenye duka. Yule mwenye duka akaitikia kwa kichwa, akainama kutafuta kitu chini ya meza.

Mpole akageuka. Akawatazama moja kwa moja, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Baba," shangazi akasema bila kuondoa macho dirishani, "duka lako lina mlango wa nyuma?"

Sonara alikuwa ameshashika funguo.