Meya Aliyemwiga Iluminada

Mdogo wangu Crisanto ana usonji, na ndiye meya wa mji wetu wa Santa Quiteria, huku Ufilipino. Yote mawili aliyatangaza mwenyewe jukwaani wakati wa kampeni, watu wakampigia kura huku wakijisifu kwamba sasa wamepata meya asiyejua kusema uongo. Hilo ni kweli, hajui. Lakini kuna kitu mji mzima ulikielewa kichwa chini miguu juu, nacho kilinipandisha hasira mpaka nikafanya kituko mbele ya padri na sanamu ya Mtakatifu Isidro. Sijuti hata kidogo!

Hebu nianzie Jumatatu ile. Kila Jumatatu asubuhi wafanyakazi wa manispaa hujipanga uani kupandisha bendera, wapita njia nao husimama kutazama, na mfanyakazi mmoja huongoza kiapo cha utii kwa nchi. Zamu ikamwangukia Iluminada, yule mama karani wa vyeti vya kuzaliwa. Iluminada ana kigugumizi. Alikwama, akajikaza, akakwama tena, akamaliza jasho likimtiririka. Kisha Crisanto akashika kipaza sauti, na badala ya kusalimia, akamwiga. Alimwiga na shingo yake na macho yake, wala hakubakisha kitu. Ua mzima ukaangua kicheko.

Jioni Iluminada akaja sokoni kwangu, ninapouza wali wa nazi uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Hakulia. Aliniambia sikukuu ya mtakatifu ikiisha anaacha kazi, anakwenda Manila kwa binamu yake kufua nguo za watu. Mtu anayejua majina ya watoto wote wa mji huu, kazi anaipenda kuliko kula, leo akafue nguo!

"Nikifua, s-s-sitalazimika kuongea na mtu," akasema.

Nikajua watu watamshukia Crisanto. Thubutu! Betang muuza samaki, meza yake imepakana na yangu, ndiye aliyeanza kunituliza.

"Poring, usimkasirikie mdogo wako bure. Ndivyo alivyo. Usonji ule."

"Usonji gani, Betang? Tangu utotoni anamwiga jirani yetu mwenye mguu mbovu, halafu anageuka kuangalia nani kacheka. Ule ni ujeuri mtupu, nimemchapa kwa hilo mara nyingi!"

"Loo, una roho ngumu, dada. Mgonjwa hasemwi."

"Si mgonjwa!"

"Haya, haya. Nipe wali, tusigombane."

Basi, sikukuu ya Mtakatifu Isidro, mtakatifu wa wakulima, ikafika. Ng'ombe wamevishwa maua, nyumba zimepambwa kwa mpunga na ndizi, harufu ya nguruwe wa kuchoma imetanda kila kona. Mimi nimevaa gauni jipya, moyo unanidunda kwa furaha. Bendi ikapita mbele ya jukwaa walipokaa meya na padri kando ya sanamu ya mtakatifu, matarumbeta na ngoma kubwa, na Crisanto akaziba masikio akageukia ukuta wa nyuma. Sasa huo ndio usonji wenyewe! Kelele zile humchoma kichwani kama msumari, alikuwa akijificha chini ya kitanda tangu mdogo. Betang akanigonga kiwiko.

"Umemwona? Anatuzibia masikio! Dharau hiyo."

"Na kwangu amekataa mchuzi wa damu ya nguruwe," akadakia mwingine nyuma yetu. "Kapata cheo, anaringa."

Mchuzi wa damu! Ule utelezi humtapisha, mama yetu alishaacha kumpikia zamani. Nikawaka. Sikujua nimepandaje jukwaani, nilijikuta tu kipaza sauti kiko mkononi mwangu.

"Nyinyi watu mna akili kweli? Mtu anaumwa na kelele, mnasema ana dharau. Amemdhalilisha mama wa watu hadharani, mnasema maskini, ndivyo alivyo! Mnamsamehe ya kwake na kumhukumu yasiyo yake. Crisanto, geuka huku! Kwa nini ulimwiga Iluminada?"

Padri akaangalia viatu vyake. Katibu wa meya akamnong'oneza Crisanto, lakini kipaza sauti kilimnasa: "Sema ni hali yako, mheshimiwa, yaishe."

Crisanto akafikiri. Akifikiri hukunjakunja vidole, nami nikaogopa, maana ni mdogo wangu na nampenda.

"Hapana," akasema. "Masikio ni usonji. Mchuzi ni usonji. Kumwiga Iluminada nilitaka mcheke. Nilijua ataumia. Mlicheka nyote, nikafurahi."

Weee! Betang akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na sidhani kilikuwemo.

Hapo Iluminada akatoka katikati ya watu, akapanda ngazi, akaninyang'anya kipaza sauti.

"J-j-ju..."

"Jumapili!" akasaidia mtu huko chini.

Iluminada akamnyooshea kidole anyamaze, akaanza upya, taratibu, hana haraka na mtu. "J-jumatatu. Pale pale p-penye bendera. Useme hayo hayo, na uniombe radhi."

"Saa mbili," akasema Crisanto.

"Mwombe sasa hivi, wewe!" nikamfokea.

"Hapana, dada. Nitamwomba palepale nilipomwiga."

Jumatatu nilifunga meza nikaenda, na Betang akanifuata, eti anasindikiza. Bendera ikapanda. Crisanto akasimama na Iluminada kando yake, akakazia macho mlingoti, kwa sababu kutazama watu machoni hawezi, akasema yote bila kupunguza neno. Kisha akamgeukia: "Iluminada, nilikukosea makusudi. Nisamehe."

Pale nyuma, bwana mmoja wa idara ya kodi akaachia kicheko cha puani.

Crisanto akageuka. "Unacheka nini?" akamuuliza.

Hakuwa anamsuta. Mdogo wangu hajui kuuliza kwa kumsuta mtu, alitaka kujua kweli. Yule bwana akasema si kitu, mheshimiwa. Crisanto akasema hapana, umecheka, nieleze kinachochekesha. Jua likaanza kuchoma, hakuna aliyethubutu kuondoka, naye anasubiri jibu kwa utulivu kabisa. Mimi namjua, angesubiri mpaka jioni. Na Iluminada amesimama pale pale kando yake, mikono kiunoni, anamtazama yule bwana naye anasubiri, wala haonyeshi dalili yoyote ya kwenda Manila.