Maiki ya Gaudensi

Laasiri ya Jumamosi, kibanda umiza cha Shafii pale Magomeni, Mtwara, kilikuwa kimejaa watu wanaosubiri mechi. Madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho, feni inazungusha joto lilelile, na Shafii mwenyewe amekaa ubavuni mwa televisheni na maiki yake anatafsiri filamu. Ndiyo kazi yake. Filamu inasema Kiingereza, yeye anaisimulia kwa Kiswahili, anaongeza chumvi, na kila steringi anampa jina la hukuhuku ili watu wamzoee.

Siku hiyo aliahidi karate. Kwenye flashi ikatokea filamu ya zamani, hata rangi haina: mtangazaji wa televisheni mwenye tai nyembamba, katika nchi ambayo watu waliogopa hata kumsalimia jirani aliyetajwa vibaya na wakubwa. Mabosi wake wanataka asome habari za mvua. Yeye anataka kuuliza waliochukuliwa wako wapi.

"Ngumi ziko wapi?" akauliza Yusufu, dereva wa bodaboda.

"Tulia wewe. Steringi wetu anaitwa Gaudensi. Huyu anapigana kwa mdomo."

Watu wakasonya.

Mlangoni alikuwepo Mwanaisha na karai lake la mihogo ya kukaanga. Mumewe, Kassimu, alikuwa mkulima wa korosho. Msimu uliopita alizungumza mbele ya kamera ya televisheni, akasema kilo za wakulima zinapungua zikifika ghalani, na akamtaja anayezipunguza. Habari ile haijarushwa mpaka leo. Siku chache baadaye Kassimu alikuwa amekaa humu humu kibandani, benchi la mbele, gari jeupe lisilo na namba likasimama mlangoni, wanaume wakaingia, wakamtoa. Kibanda kizima kiliona. Shafii aliongeza sauti ya filamu. Mwanaisha alikuwa kwao Kitaya, anamsaidia mama yake kupanda mpunga.

Tangu hapo anatafuta mtu mmoja tu wa kusema "niliona". Kituoni wanamwambia hakuna shahidi, huenda mumewe kavuka mto Ruvuma kamfuata mwanamke mwingine. Shekhe anamwambia eda haikaliwi kwa kukisia. Basi mtoto wa watu yuko hapo katikati, si mke si mjane, anakaanga mihogo. Inaudhi, jamani, maana wanaoinunua ndio mashahidi wenyewe.

Katikati ya filamu Gaudensi akaacha kusoma habari, akavua miwani, akatazama kibandani. Akanyoosha mkono. Mkono ukatoka kwenye kioo mpaka kiwikoni, wa kijivu vilevile kama filamu yenyewe, umeshika maiki kubwa ya chuma. Mzee Domingo, muuza samaki wakavu, alikuwa benchi la mbele. Akasogeza goti asiguswe, akaendelea kutafuna muhogo.

Gaudensi akauliza jambo. Shafii, kwa mazoea ya kazi, akalitafsiri kabla hajafikiri.

"Anauliza, siku ile gari liliposimama hapa mlangoni, nani aliona?"

Watu wakageukia magunia ya madirishani.

"Peleka mbele, bwana," akasema Yusufu.

Shafii akabonyeza rimoti. Filamu haikwenda. Akachomoa flashi, Gaudensi yupo. Akazima swichi ya ukutani, Gaudensi bado yupo, anasubiri jibu lake, maana alikuwa mtu wa kazi. Kisha mkono ukaanza kupita benchi kwa benchi.

Yusufu akasema hakuwepo, pikipiki yake ilikuwa gereji. Mzee Domingo akasema hakuwepo, na hata angekuwepo ana mtoto wa jicho; tena mtu ambaye baba yake alitokea Msumbiji, akizungumza sana, wataanza kumuuliza habari za uraia. Mwingine akaonyesha koo, linamuuma. Wengine wakasema tu hawakuwepo. Shafii akawatafsiria wote vizuri kabisa.

Maiki ikamfikia Shafii mwenyewe. Gaudensi akauliza swali fupi.

Shafii akalamba midomo. "Anasema tuendelee kutazama."

Mwanaisha akaweka karai chini. "Shemeji, mimi Kiingereza sijui. Lakini nimesikia Kassimu."

"Kina Kassimu wako wengi, Mama Riziki."

"Kwenye filamu ya Wazungu?"

Shafii akatazama rimoti.

"Shemeji, Idi ulikula kwangu. Sikutumi ukamtaje mtu. Sema tu alitolewa hapa, ukiwa unaona. Nijue nakaa eda au namsubiri mume."

"Nina watoto."

"Na mimi Riziki wangu nilimwokota?"

Shafii alikuwa na huzuni ya kweli, ilionekana usoni, lakini haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Yusufu akakumbusha kwamba mechi inaanza. Wakatoa televisheni nyingine chumba cha nyuma, wakaiweka ukuta wa pili, wakageuza mabenchi. Shughuli ikaisha upesi, kila mtu akasaidia.

Mwanaisha akabaki na Gaudensi. Maiki ikamfikia. Akafuta mafuta ya vidole kwenye kanga.

"Mimi sikuwepo," akasema.

Humo ndani jibu hilo lilikuwa la kweli kwake peke yake, na wenzake walikuwa wameshalitumia. Gaudensi akaitikia kwa kichwa, akageuza maiki kuelekea mabenchi.

Hajairudisha mpaka leo. Mkono umebaki palepale. Wanaoingia wanauinamia wasigonge kichwa, na Yusufu ameona unafaa kutundikia helmeti yake. Shafii anatafsiri karate upande wa pili, kaugeuzia mgongo. Kituoni bado wanasema hakuna shahidi. Mwanaisha bado anakaanga mihogo, na hasira zake anazimalizia kwenye moto.

Jumamosi iliyopita goli liliingia dakika za mwisho kabla ya mapumziko. Kibanda kizima kikasimama kikapiga kelele, hata yule wa koo, mpaka mtaa wa Chikongola nadhani walisikia. Gaudensi akashtuka kwa matumaini. Akanyoosha mkono wote mpaka begani, helmeti ikaanguka, akaisogeza maiki karibu kabisa na vinywa vyao.

Kelele zikakatika. Watu wakakaa. Mzee Domingo, mwenye mtoto wa jicho, akaiona helmeti ilikobingirikia chini ya benchi la mwisho, akaiokota, akaitundika tena.

Mapumziko yalipofika wakamzunguka Mwanaisha kununua mihogo. Kila mmoja alimwita shemeji, na Shafii akaomba aongezewe pilipili.