Wanaongoja Kilometa Zao

Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, Daphrose aliingiza pikapu yake nyeupe kwenye garaji ya Huseni, Buyenzi, akaiacha injini ikinguruma kama alivyoambiwa. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupimwa injini ikiwa moto. Huseni alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Akadondosha tone moja kwenye kitambaa na wote wawili wakaliangalia. Tone lilikuwa jeusi, na lilinuka maharage yaliyoungua.

"Sasa fundi," Daphrose akasema, "nifanye vidanje leo ao ningoje?"

Vidanje ndiyo kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, na swali lake ni la kila siku kule Buyenzi. Jibu halina uchawi. Mtu anaangalia rangi, ananusa, halafu anasoma kilometa kwenye dashibodi. Kama gari ni changa, mafuta yakichafuka yanabadilishwa siku hiyo hiyo na mambo yanakwisha. Kama gari ni zee na mafuta yake hayajawahi kubadilishwa tangu litoke kiwandani, fundi mwenye akili anayaacha yalivyo, kwa sababu ule uchafu ndio unaosaidia vyuma vilivyolika kushikana. Ukiuosha kwa mafuta mapya, gari litakwenda vizuri wiki moja, mbili, kisha litanguruma bila kusogea, na hapo hata umlilie nani. Kwa hiyo kila kitu kinategemea namba.

Dashibodi ya Daphrose ilisema elfu sitini na tatu. Gari changa kabisa.

Huseni alijua kuwa namba hiyo ni ya uongo, maana aliiandika mwenyewe. Mwaka uliopita Tajudini, muuza magari wa karibu na bandari, alimletea pikapu hiyo ikiwa na kilometa elfu mia mbili themanini na saba. Huseni alichomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani, akazitoa, akabakiza elfu hamsini na nne. Ilikuwa kazi ya robo saa. Mafundi wengi wanaifanya, na wote wanaapa kwamba hawaifanyi.

Taabu ni kwamba kilometa zikitolewa kwenye gari haziendi bure. Mtu aliyefia safarini ndani ya gari hilo, kilometa yake ya mwisho ikitolewa, anakosa pa kuishia. Basi anakuja kwenye garaji ilikotolewa na kukaa. Wanafika baada ya swala ya alasiri na wanaondoka magharibi. Kwa Huseni walikuwa wanane, kwenye kiti kirefu kilichong'olewa ndani ya minibasi, kila mmoja na nguo alizovaa siku ile, macho barabarani. Waridi, muuza chai wa pale, aliwapita na birika lake bila kuwauliza, kwani mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyekunywa. Siku moja polisi alikuja akawataka vitambulisho. Wakavitoa, akavisoma, akavirudisha. Wateja nao hawakushangaa. Hakuna garaji mtaani isiyo na wakaaji wake, na kwa kuwa kila garaji inao, mnunuzi hawezi kujua ni wa gari lipi, na wengi hawaulizi.

Huseni alikikunja kitambaa, akamwita kwa jina la mwanawe. "Ngoja kwanza nifikiri, Mama Gaël."

"Ufikiri nini? Siku niliinunua nilikuuliza. Ukaniambia nifanye vidanje ikifika elfu makumi munane. Bado haijafika, na mafuta imekuwa nyeusi hivi. We fundi gani?"

Kwenye kile kiti alikuwapo Fabiola, mwanamke wa Bubanza, mjamzito wa miezi tisa, na alikuwa mjamzito hivyo hivyo tangu siku alipofika. Kwa kawaida hakusema. Sasa aliitazama pikapu kwa muda, kama mtu anayemtambua jirani wa zamani, akainua mkono.

"Mama," akasema, "iyo gari niliipanda mi. Nilikaa mbele, kando ya shofere. Uchungu ulinizidia, nikawa nasoma zile namba ili nisilie. Ilikuwa elfu mia mbili na kumi na moja."

Daphrose alimwangalia Fabiola, akaangalia dashibodi, akamwangalia Huseni. Alikuwa mwanamke wa biashara, anayechukua chumvi bandarini na kuipeleka kwa wenye maduka Kanyosha, na hesabu haikumpa shida. Tena uso wa Huseni ulikuwa umeshajibu.

"Ni we uliitoa?"

"Ni mi. Tajudini alinituma."

Daphrose akavuta tairi kuukuu, akaketi juu yake. Hakupiga kelele. Alianza kueleza habari ya mama yake, Irène, ingawa Huseni alikuwa ameisikia kama watu wengine. Mwezi wa tatu Irène alishikwa na kifua. Audace, mumewe Daphrose, alimweka mbele ndani ya pikapu, mchana kweupe, wakatoka Kanyosha kuelekea hospitali. Pale barabara inapopanda kabla ya Musaga, injini ikanguruma na gari likakataa kwenda. Audace akakanyaga. Injini ikanguruma zaidi. Watu sita walishuka kwenye pikipiki zao wakasukuma, na Irène alikuwa akiwashukuru kupitia dirishani, amekumbatia karatasi zake za hospitali. Walipofika juu alikuwa ameacha kushukuru. Dashibodi ilisema elfu sitini na moja na kitu.

"Kama ungeniambia ukweli ile siku?" Daphrose aliuliza.

"Ningekuambia usiinunue. Ao tufungue bwate yote, tutie vyuma vipya." Bwate ndilo jina la giaboksi kule Buyenzi.

"Na mama angefika?"

Huseni alitamani kusema kwamba hayo ni ya Mungu. Ulimi ukakataa. "Angefika," akasema, na aibu ikampanda mpaka masikioni, jambo ambalo halikuwa limempata tangu ujana.

Daphrose alilia pale pale, bila kujificha. Waridi alimletea kikombe cha chai na alikinywa chote. Kisha akafunga boneti kwa mikono yake mwenyewe, akaondoka polepole na mafuta yake meusi yale yale.

Alirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane, pamoja na Audace. Pikapu ilikuwa imewaacha njiani mara mbili. Walikuwa wamempata mnunuzi, Xavier, muuza maziwa wa Kinama, ambaye angekuja saa kumi kuiona. Xavier alikuwa ameambiwa na mjuaji mmoja kuwa otomatiki ikipita elfu hamsini imechoka, kwa hiyo hakutaka kusikia habari ya sitini.

"Fanya vidanje leo," Daphrose alisema. "Tia mafuta mupya, nyekundu, akipima aione. Na namba iteremushe. Elfu makumi ine na ine."

"Vidanje itaiua hiyo bwate. Wiki mbili haimalizi."

"Wiki mbili zinatosha," Audace alisema, macho kwenye viatu vyake. Audace si mtu mbaya. Alikuwa na watoto watatu na gari moja, na gari lenyewe maiti inayotembea.

Huseni alimvuta Daphrose kando. "Mama Gaël, nisikilize. Nikishuka chini ya makumi sita na moja, mama yako atakuja kukaa pale. Niachie makumi sita na mbili, na mutafute mutu mwingine."

"Tumetafuta."

"Mutafute tena."

Daphrose alifungua fundo la kitenge chake, akalifunga tena. Irène alikuwa amezikwa vizuri. Kwaya ya parokia iliimba, mvua ilisubiri mpaka udongo ukaisha, na mwezi uliopita familia nzima ilikutana ikaganduka, yaani ikamaliza matanga, watu wakanywa, wakasema sasa mzee amepumzika. Daphrose mwenyewe ndiye aliyewapokea wageni mlangoni. Alimpenda mama yake kuliko mtu yeyote duniani, na alikuwa amelisema hilo mbele ya wote, na halikuwa uongo.

"Toa," akasema.

Basi Huseni akalala chini ya pikapu, akafungua nati, mafuta meusi yakashuka ndani ya beseni. Akatia mapya, mekundu, yanameremeta kama mawese ya siku hiyo. Halafu akachomeka kompyuta yake. Elfu arobaini na nne. Kazi ilipokwisha alinawa, akaenda msikitini kuswali, akarudi.

Irène alifika baada ya swala, kwa miguu, na karatasi zake za hospitali kifuani. Hakuuliza njia. Fabiola alijisogeza, naye akaketi kando yake, akavuta pumzi kwa shida kama siku ile. Akamwona bintiye amesimama mbele ya gari.

"Daphrose," akasema, "tumefika?"

"Bado kidogo, mama."

Saa kumi juu ya alama Xavier aliingia na mkewe, Chanelle. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kucheka kabla ya mzaha kumalizika. Alichomoa kijiti mwenyewe, kwa kuwa yule mjuaji alimfundisha, akadondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Likawa jekundu safi. Akanusa. Halikunuka kitu.

"Eeh, Chanelle, njoo uone! Iyi ni mupya kabisa!"

Aliizungusha pikapu mtaani mara tatu na kurudi amechangamka. Walipokwisha kuelewana na Audace, Xavier alikwenda kuwasalimia waliokaa kwenye kiti, mmoja mmoja, kwa mkono, maana alilelewa vizuri. Alipofika kwa Irène alimshika mikono yote miwili.

"Mama, naona munahema. Munaenda wapi? Tuwabebe, nafasi iko."

Irène aliitazama pikapu kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma.

"Iyo apana, mwanangu," akasema. "Iyo gari haipandi. Ilisimama na mi kabla ya Musaga, nikafia ndani. Usiinunue."

Huseni alikuwa akijifuta vidole na angeweza kusema neno. Audace alirudisha macho kwenye viatu vyake. Xavier hakushangaa, lakini tabasamu lilipungua, akamgeukia Daphrose akingoja kusikia.

"Ni mama yangu," Daphrose alisema. "Amezeeka. Anajisemea tu. Usimusikilize."

"Aah," akasema Xavier, uso ukamrudia. Akamwinamia Irène kwa heshima, akamtakia afya njema. Chanelle alikuwa ameshapanda, anapapasa viti kwa kiganja. Pikapu ilishika gia bila kusita, ikapinda kushoto, ikaelekea Kinama.

Simu ya Huseni ililia. Ni Tajudini, alikuwa na gari la kuleta kesho asubuhi. Huseni akamwambia alilete.

Daphrose alikwenda kwenye kiti cha minibasi. Irène alimpisha, kama watu wanavyopishana ndani ya kanisa lililojaa, na wakakaa bega kwa bega wakiangalia barabara. Mkono wa mama ulikuwa baridi na mwepesi, na Daphrose aliushika.

"Watu wazuri wale," Irène alisema.

"Eeh, mama."

"Wako na watoto?"

"Wanne."

Irène akatikisa kichwa, akaziweka sawa karatasi zake mapajani.