Tenti ya Mwelu

Nthenya hakuwahi kuona sababu ya mtu mwenye kitanda kwenda kulala nje. Na tuseme ukweli, watu wazima wengi wa Machakos wako hivyo hivyo. Ukilala nje, basi gari limekuharibikia njiani au umefukuzwa na mwenye nyumba. Hiyo ni shida, nani ataiita starehe? Kwa hivyo Mwelu, binti wa kaka yake, alipompigia simu kumwambia kwamba vijana wa kanisa wameanza mambo ya kupanda milima na kulala kwa tenti, Nthenya alicheka hadi akaweka mkasi chini.

"Mtalala kwa baridi na mko na nyumba?"

"Anti, hujui tu raha yake. Watu wa Syokimau wanalipa pesa nyingi kufanya hivyo."

"Watu wa Syokimau hawana shamba. Ndio maana wanalipa."

Na hapo kwenye shamba ndipo pana maneno. Mama yao marehemu aliacha ekari tano kule Ndithini, hati moja, majina mawili: Nthenya na kaka yake Musili. Musili alitaka kuliuza mara tatu, na mara tatu Nthenya akakataa. Si kwa ukaidi. Nthenya hakuolewa. Miaka ishirini na sita ameshona sare za shule katika chumba cha kukodisha mjini, na hana boma lingine duniani la kumpokea, si akiwa hai, si akiwa maiti. Pale Ndithini, karibu na kaburi la mama, ndipo alipokusudia kujenga vyumba vyake viwili na kuzeekea. Mtu akikwambia hilo ni jambo dogo, huyo ana kwao.

Basi mwezi wa saba Musili akaja dukani kwake, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, mpole kama mkwe. Akasema amechoka kugombana. Shamba likae. Tena Mwelu na wenzake wawili wanataka kwenda kukempu huko huko shambani mwezi wa nane, ndiyo mara yao ya kwanza, na wamekosa tenti tu.

"Wacha watoto walione shamba la nyanya yao," alisema. "Ama unaonaje?"

Nthenya angeonaje? Alifurahi hadi akatamani kumkumbatia. Akasema tenti ni juu yake, itakuwa zawadi ya Mwelu. Huyu Mwelu, jamani, Nthenya ndiye aliyemshonea nguo ya ubatizo, ndiye aliyemlipia karo ya kidato cha tatu na cha nne Musili alipoishiwa. Kwa Mwelu alikuwa hana breki.

Jumamosi hiyo wakaenda wawili dukani kwa Kibe, anayeuza turubai, kamba, magunia na vitu vya safari. Nthenya hakujua kitu kuhusu kukempu, lakini kitambaa anakijua, na mshono ukimdanganya leo, kesho hautamdanganya. Kibe akaleta kwanza tenti nyekundu, ya bei ya chini kabisa. Nthenya akaishika pembe mbili akaivuta. Mshono ukafunguka macho, mwanga ukapita.

"Kibe, hii ni neti ya mbu. Rudisha."

"Mama, ni ya watu wanaoanza."

"Anayeanza ndiye anahitaji kitu kizuri! Aliyezoea anajua kujitetea. Huyu akinyeshewa siku ya kwanza hatarudi tena."

"Anti, chukua tu hiyo," Mwelu akasema, akiangalia nje barabarani. "Usijisumbue sana."

Nthenya akaguswa. Mtoto ana huruma huyu, akafikiri, hataki nitumie pesa yangu.

Ya pili ilikuwa nzuri mno, na bei yake ilikuwa ya watalii. Ya tatu ilikuwa kwenye boksi lililochujuka rangi kwa kukaa dirishani, na kwa sababu ya hilo boksi Kibe alikuwa tayari kushuka bei. Nthenya akaikagua kama sare ya ukaguzi. Ilikuwa na vitambaa viwili, cha ndani chenye neti na cha juu cha kuzuia mvua. Sakafu ilipanda kidogo kando kando kama karai, maji ya chini yasiingie. Mishono ilikuwa imebandikwa utepe kwa ndani. Fito zilikuwa mbili tu, zinapishana juu, na kwenye mfuko wake kulikuwa na picha za kuonyesha fito gani inaanza. Zipu ilifunguka kutoka ndani na kutoka nje.

"Ya watu watatu," Kibe akasoma.

"Watatu wembamba," Nthenya akasema. "Hawa na mabegi yao itawatosha tu. Haya, nihesabie na vigingi, nisije nikafika nyumbani nikose kimoja."

Mwelu alibeba boksi mpaka nyumbani, na shangazi yake akamsifu njia nzima.

Sasa Nthenya si mtu wa kutoa zawadi ambayo hajaijaribu. Jumapili baada ya kanisa wakaisimamisha uwanjani pa ploti anakokaa Nthenya, wapangaji wote wakatoka kutazama, wengine wakiuliza kama kuna matanga. Nthenya akavua viatu akaingia ndani, akafunga zipu, akaamuru Mwelu amwage maji juu. Ndoo ya kwanza, kukavu. Ndoo ya pili, kukavu. Nthenya akapiga vigelegele peke yake humo ndani kama bibi harusi.

Hapo ndipo Musili alipofika na bahasha. Akainama mlangoni pa tenti, akacheka naye, akasema kiongozi wa vijana anataka barua ya ruhusa kutoka kwa wenye shamba wote wawili, sababu ya mambo ya bima, watoto wasije wakaumwa na nyoka halafu iwe kesi.

"Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Na kopi ya kitambulisho, na pini ya kodi, na picha mbili za pasipoti."

Hivi wewe ungeshtuka? Usinidanganye. Hapa kwetu ukijiunga na chama, kopi ya kitambulisho. Ukisajili mtoto shuleni, pasipoti mbili. Hata kuingia sako, chama cha akiba cha wafuga kuku, wanataka pini. Nthenya alikuwa na picha zake ndogo kwenye pochi, amevaa kitambaa cha bluu kichwani, tayari kwa ofisi yoyote itakayomtaka. Akaweka karatasi juu ya paja, miguu ikiwa nje ya mlango kwenye maji, akatia sahihi mahali palipowekwa alama ya kalamu. Miwani ilikuwa chumbani. Mwelu alikuwa amesimama pale na ndoo tupu.

"Ngai awabariki," Nthenya akamwambia kaka yake, na alimaanisha.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi ya kukempu ilipofika, Nthenya akaamka na wazo: watoto wa siku hizi watakula nini huko, mkate na soda? Akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akakaanga kwa kitunguu, akafunga hotipoti kwa leso. Hakumwambia Mwelu. Alitaka amshtue.

Bodaboda ikamshusha kwenye kona ya shamba yapata saa nane mchana. Tenti aliiona kutoka barabarani, na moyo ukamchangamka. Ilikuwa imesimamishwa vizuri, imenyooka, hatua chache tu kutoka kwenye kaburi la mama. Halafu akaona nguzo. Nguzo mpya za zege, zimepangwa kutoka kona hadi kona, na waya ukiwa bado umeviringishwa chini. Na juu ya kamba ya tenti palikuwa pameanikwa suruali ya mtu mzima.

"Mwelu!" akaita.

Akatoka mwanamume wa makamo, amevaa koti la mlinzi na ndara. Akamsalimia kwa heshima, akasema anaitwa Njogu, ametoka Yatta, yuko hapa kulinda.

"Kulinda nini?"

"Shamba, mama. Niko na wiki mbili."

"Na watoto wako wapi? Watoto wa kukempu."

"Watoto gani?" Njogu akamkazia macho, kisha uso wake ukabadilika, akafurahi. "Aa! Kumbe ni wewe! Si wewe ndiye yule wa picha?"

Akaingia ndani ya tenti, kwenye mfuko ule wa ndani wa kuwekea tochi, akatoka na bahasha ya plastiki. Bosi alimwachia kopi ya mkataba wa mauzo, alisema, ili mtu akija na maneno amwonyeshe kwamba shamba limenunuliwa kihalali na wenyewe wote wawili walikubali. Akampa. Nthenya akavaa miwani. Na huyo hapo, Nthenya wa kitambaa cha bluu, anajitazama kutoka kwenye kona ya karatasi, na chini yake sahihi yake mwenyewe, mara tatu.

Hotipoti ilimponyoka. Haikumwagika, leso ilikuwa imefungwa vizuri.

"Mama, keti," Njogu akasema. "Kwani hukulipwa?"

Jamani! Hukulipwa! Mtu ameng'olewa moyo anaulizwa kama alipewa risiti. Lakini Njogu hakuwa na kosa, na Nthenya alikuwa na akili ya kutosha kuliona hilo. Akamuuliza tu tenti ameipata wapi.

"Aliileta mzee Musili. Alisema ni ya nyongeza kwa mnunuzi, mlinzi asilale nje. Ni tenti nzuri sana, mama. Usiku wa juzi mvua ilinyesha na haikuingiza hata tone."

Nthenya akampigia Musili. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, imezimwa. Ndipo hasira ilipompanda, ile hasira ya mtu mtaratibu, ambayo ndiyo mbaya. Akavua viatu. Akaingia ndani ya tenti, akatoa blanketi la Njogu akalikunja vizuri, akatoa sufuria yake, redio yake na mswaki wake, akaviweka nje kwenye nyasi.

"Mama, unafanya nini? Bosi ataniua."

"Mwambie bosi wako mwenye shamba amekuja. Tenti ni yangu, nilinunua kwa Kibe. Na hapa nilipoketi ni kwetu. Anayetaka kunitoa aje na askari, na hao askari nitawaonyesha kaburi la mama."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Kula kwanza. Muthokoi uko kwenye hotipoti."

Halafu akampigia Mwelu. Alikuwa na maneno tayari. Alitaka kumwambia, mwanangu, baba yako amekudanganya, ametumia jina lako, njoo tusimame pamoja. Simu ikashikwa mara ya kwanza tu.

"Mwelu, niko Ndithini."

Kwenye simu akamsikia Mwelu akifunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kusikika.

"Mwelu?"

"Anti, nilitaka kukuambia."

Nthenya akaweka mkono chini, kwenye ile sakafu aliyoisifia dukani.

"Ulijua," akasema.

"Ni pesa ya chuo, Anti. Nafasi ya uuguzi ingepotea. Baba alisema atakutafutia mahali pengine, pale Mlolongo kuna vyumba..."

"Ulijua tukiwa kwa Kibe?"

Mwelu akaanza kulia. Alilia vile alivyokuwa akilia akiwa mdogo, kwa kuvuta pumzi mara mbili mbili, na mkono wa Nthenya, mjinga huo, ukataka kumpangusa machozi.

"Kama ni chuo, ungeniambia mimi," Nthenya akasema. "Mwelu, ungeniambia. Ningeuza cherehani. Ningeuza zote mbili. Lini uliniomba kitu nikakunyima?"

"Nilimwambia baba akuulize tu. Nilimwambia Anti hawezi kukataa."

"Na yeye akasema nini?"

"Anti, tafadhali."

"Akasema nini, Mwelu?"

"Alisema kwa shamba utakataa, na kwa karatasi yoyote atakayoleta utatafuta miwani usome mpaka mwisho. Lakini ukiambiwa ni ya Mwelu, hutasoma."

Nje, Njogu alikuwa ameketi na sahani mapajani, akila polepole kwa aibu. Nthenya akakata simu. Akafunga zipu mpaka chini, akalala chali bila blanketi, akalia kwa sauti kwa sababu neno la kaka yake lilikuwa kweli: hakusoma.